Miguu Isikatwe

Nimeiweka picha moja hapa mezani, kando ya maiki. Ni karatasi ya inchi 8 kwa 10, na kiyoyozi cha studio kimeanza kuikunja pembe moja. Mimi naiona. Fundi mitambo wangu upande wa pili wa kioo naye anaiona, maana tangu tuingie hajaacha kunyoosha shingo. Nyinyi ndio hamuioni, na kwa dakika ishirini zijazo nitawaeleza habari za picha kwa redio, kazi ambayo haina tofauti na kumsifia mtu pilau kwenye simu. Nivumilieni.

Mwezi uliopita nilimaliza kozi ya kupiga picha. Ya wanaoanza kabisa. Jumamosi 8, saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana, chumba kimoja cha ghorofa ya pili hapa Dar es Salaam, feni moja na wanafunzi 11. Kumi kati yao ningeweza kuwazaa. Alikuwapo kijana wa bodaboda aliyechoka na bodaboda, akina dada wawili wanaouza nguo mtandaoni, watatu wanaotaka kazi za harusi, na wengine ambao hata leo sijui walifuata nini. Na mimi, mtu wa redio wa miaka 26 kazini, ambaye maisha yangu yote nimelipwa mshahara kwa kutoonekana.

Siku ya kwanza tuliulizwa mmoja mmoja: umekuja kutafuta nini? Nikasema nimekuja kuijua kamera. Mwalimu akaandika ubaoni neno KAMERA kwa herufi kubwa, akalitazama kidogo, akalifuta.

"Kamera utaijua kwa wiki mbili," akasema. "Sasa hizo sita zinazobaki, bi mkubwa, tutafanya nini?"

Huyu mwalimu ni mtu wa miaka sitini na kitu. Zamani alikuwa na studio yake Magomeni, enzi za filamu. Alituambia kwamba harusi nzima, tangu bibi harusi anatolewa ndani mpaka masufuria yanaoshwa, aliipiga kwa filamu mbili za picha 36. Yaani 72, basi. Halafu filamu inapelekwa kusafishwa, na unangoja siku kadhaa ndipo ujue kama bwana harusi alifumba macho. Vijana walicheka sana. Asubuhi hiyohiyo, kwa zoezi la kikombe cha chai na mwanga wa dirishani, darasa letu lilikuwa limepiga picha zaidi ya 900. Kikombe kimoja. Chai yenyewe ilipoa bila kunywewa.

Nianze na hesabu, maana hesabu ndiyo iliyonitisha. Mwalimu alitufundisha kwa ndoo na bomba. Mwanga ni maji, picha ni ndoo. Tundu la lenzi ni bomba, unalifungua sana au kidogo. Shata ni muda unaoliacha wazi. Sisi watu wa mgao hatukuhitaji maelezo zaidi: bomba linalodondoka utaliacha usiku kucha na alfajiri ndoo imejaa, na siku maji yakija kwa nguvu, ukizubaa kidogo tu umefurika mpaka sebuleni. Picha iliyofurika ni ile nyeupe isiyo na sura ya mtu. Ambayo haikujaa ni giza. Mpaka hapo sawa.

Kilichotukera ni namba. Tundu kubwa lina namba ndogo! f/2 ni pana, f/16 ni jembamba kama tundu la sindano. Kijana wa bodaboda akasema hizi zimepangwa kama namba za nyumba za mtaani kwao. Mwalimu akachukua mkate wa chai uliokuwa mezani, akaukata vipande viwili, kisha kimoja akaanza kukigawa tena na tena. "Nusu mkate na sehemu moja ya kumi na sita ya mkate, kipi kikubwa?" Kumbe ile f na mstari wake ni sehemu. Tangu siku hiyo sijakosea, ila kila nikigeuza lenzi nasikia njaa.

Jumamosi ya pili alitukataza kutumia kipimo cha mwanga cha kamera. Kisiguswe. Alitufundisha kanuni ambayo watu wa filamu waliisoma kwenye vikaratasi vilivyomo ndani ya boksi: jua likiwa kali na anga halina wingu, weka tundu f/16, na kasi ya shata iwe sawa na namba ya filamu. Filamu ya 100, sehemu ya 100 ya sekunde, au 125 iliyo jirani yake. Kukiwa na wingu jepesi fungua hatua moja, f/11. Wingu zito, f/8 au zaidi. Halafu akatutoa barabarani tukakadirie jua kwa macho.

Nina miaka 54, na zaidi ya 40 kati ya hiyo nimeishi chini ya jua la jiji hili. Nimelikimbia, nimelilaani, nimeanikia nguo. Sikuwahi kulitazama linafanya nini kwenye uso wa mtu. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena kwenye mwezi wa kumi, jua la mchana hupita utosini kabisa. Kivuli chako unakikanyaga. Mpige mtu picha saa hiyo uone: paji la uso linang'aa, pua imetupa kivuli mdomoni, na macho yamekuwa mashimo mawili. Binti mzuri anatoka kama amefukuliwa. Na jioni usijidanganye kwamba una muda. Wazungu wana majira ambayo jua linajikokota kwenda kuzama kwa saa nzima na ushee. La kwetu linaanguka. Saa kumi na mbili na robo umeona mwanga wa rangi ya asali kwenye kuta za Upanga, unaingia ndani kuchukua kamera, ukitoka ni maghribi.

Somo la kanzu na buibui nalihesabu kuwa ndilo lililonifaa kuliko yote ya vifaa. Kipimo cha kamera hakijui kilichoko mbele yake. Kimeundwa kuamini kwamba dunia, ukiichanganya yote, ni kijivu cha katikati. Ukimpiga bwana harusi aliyevaa kanzu, kamera inashtuka: mbona nyeupe hivi? Inapunguza mwanga mpaka kanzu iwe kijivu, na uso wa bwana harusi, mtu mweusi kama mimi, unazama gizani. Ukimgeukia mama mwenye buibui inafanya kinyume chake: inaongeza mwanga mpaka buibui linapauka kama limefuliwa mara mia. Kazi ya mpiga picha ni kuibishia kamera. Mwalimu alikuwa na usemi wake, "Pima uso, nguo zitajijua."

Na kabla ya kamera hizi za sasa mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa sababu filamu yenyewe ilikuwa na upendeleo. Kuanzia miaka ya 1950 kampuni ya Kodak ilikuwa ikizipelekea maabara za kusafishia picha kadi ya kulinganishia rangi. Kwenye kadi yupo mwanamke, Mzungu, na wafanyakazi wa maabara wakazoea kumwita Shirley. Ngozi ya Shirley ikitoka vizuri, mashine imekaa sawa. Basi dunia nzima ikasafishwa kwa kipimo cha Shirley. Inasimuliwa kwamba miongoni mwa waliolalamika mpaka filamu zikaboreshwa ni watengenezaji wa chokoleti na wa samani, ambao rangi zao za kahawia zilikuwa hazitofautiani kwenye matangazo. Chokoleti! Nilipolisikia hili nilikwenda nyumbani nikatoa albamu ya mama, nikazitazama zile picha za rangi ambazo shangazi zangu wote ni meno na hereni. Miaka yote hiyo tulikuwa tunasema, "Ah, shangazi hatoki vizuri kwenye picha."

Sasa nifike mahali penyewe, Jumamosi ya nne.

Siku hiyo kila mtu alitakiwa kuleta picha 40 zilizochapwa ndogondogo, za mada aliyochagua. Mimi nilichagua "watu wa mjini". Nilizipanga mezani kwa fahari, mistari mitano, nane nane. Mwalimu akazunguka meza mara moja, akazunguka tena, mikono nyuma. Kisha akauliza kwa upole kabisa, "Bi mkubwa, hawa watu wako wote wanakwenda wapi?"

Sikuelewa. Kijana wa bodaboda ndiye aliyeangua kicheko kwanza. Nikahesabu. Katika picha 40, 34 zilikuwa za migongo. Mgongo wa muuza kahawa na birika lake. Mgongo wa mwanafunzi na begi. Migongo mitatu kwenye kituo cha mwendokasi. Mwanamke na ndoo, kutoka nyuma. Sita zilizobaki zilikuwa za nyuso, lakini kwa mbali, nimezivuta kwa lenzi ndefu kutoka ng'ambo ya barabara, kama mtu anayechunguza nyumba ya jirani kwenye upenyo wa pazia.

Nilijitetea. Nilisema mgongo una siri, mgongo unamwachia mtazamaji afikiri. Nilisema mengi, kusema ndiyo kazi yangu. Mwalimu akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akanyoosha mkono. "Nipe hiyo lenzi." Akaninyang'anya lenzi yangu ya kuvuta, niliyoinunua kwa pesa nisizotaka mume wangu azisikie hewani leo, akanipa ya kwake ya milimita 50, kuukuu, rangi imechubuka. Lenzi hiyo haivuti. Ukitaka mtu awe karibu, utatembea.

Usiku ule sikulala vizuri. Jambo lililonichoma halikuwa la picha. Mimi ni mtu ambaye nimekaa kwenye kiti hiki nikawauliza mawaziri maswali wasiyoyapenda, na sauti haikutetemeka. Lakini kumwendea mama wa vitumbua nikamwambia, "Mama, naomba kukupiga picha," nilikuwa siwezi. Nimehojiana na watu maelfu, na wote waliletwa kwangu. Mtu amepokelewa mapokezi, amepewa maji, amekalishwa, na mimi nina kioo na maiki baina yetu. Ile lenzi ndefu ilikuwa kioo kingine.

Na watu nao wana haki ya kukataa, nililigundua mapema. Nilipoanza kuomba, niliambiwa hapana mara nyingi kuliko ndiyo. "Unakwenda kuniuza wapi?" mmoja aliniuliza Kariakoo, na hakuwa anatania. Nikafikiri, ana sababu. Tangu enzi za Mjerumani watu wa pwani hii wamepigwa picha zikageuzwa kadi za posta, zikauzwa na kutumwa Ulaya, na chini yake hapakuandikwa jina la mtu, paliandikwa tu kwamba huyu ni mwanamke wa Kiswahili, yule ni mpagazi. Leo ni simu. Unakula chipsi zako kwa amani, jioni uko kwenye magrupu ya watu usiowajua, na maneno yamebandikwa juu ya kichwa chako. Siku hizi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sura ya mtu ni taarifa yake. Lakini mama wa Kariakoo hakunisomea sheria. Alinigeuzia mgongo. Mgongo tena!

Wiki ya tano na ya sita zilikuwa mbaya, sitaki kuwaficha. Picha zangu zilikuwa mbovu kuliko za wiki ya kwanza. Kwa kweli hazikuwa mbovu kuliko zile. Ubovu uleule ulikuwapo tangu mwanzo, ila sasa nilikuwa nauona: nguzo ya umeme inayomwota mtu kichwani, upeo wa bahari ulioinama kana kwamba maji yanamwagikia Kigamboni, mkono uliokatwa kwenye kiwiko bila sababu. Jicho lilikuwa limetangulia na mkono umebaki nyuma unahema. Niliwahi kuugua ugonjwa huu. Mwaka wangu wa kwanza redioni, mhariri alinirudishia kanda ya taarifa niliyosoma, akasema sikiliza. Nilisikiliza sekunde arobaini nikataka kuacha kazi. Ilikuwa sauti ya mtu anayenidai. Nilikuwa nimesoma taarifa kwa miezi mitatu nikidhani nasoma vizuri, na pengine ningeendelea kudhani hivyo mpaka leo kama si ile kanda. Safari hii angalau nilijua homa inapita. Nilichojifunza zamani ni kwamba dawa yake haina siri yoyote: unasoma tena kesho.

Mwalimu hakuwa mtu wa kubembeleza. Mtu akilalamika, alitajiwa Mohamed Amin. Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia hapahapa Dar es Salaam, na hapa ndipo alipoanza, mtoto wa shule na kamera ya sanduku aina ya Box Brownie. Ndiye aliyepiga zile picha za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 zilizoitikisa dunia. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha mjini Addis Ababa ulimpokonya mkono wa kushoto, akafungwa wa bandia, akarudi kazini, mpaka alipofariki mwaka 1996 katika ile ndege iliyotekwa ikaanguka baharini Komoro. "Mkono umekatika anapiga picha," mwalimu alikuwa akisema, "wewe unaniambia betri imeisha?"

Basi Jumamosi ya saba nikaamka alfajiri nikaenda Feri.

Wageni wa jiji wanaliita soko la samaki la Magogoni. Sisi tunasema Feri. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi mnada umepamba moto, ndoo za vibua zinapita juu ya vichwa, chini maji na matumbo ya samaki, na ukivaa ndala umejitakia. Jua linachomoza ng'ambo, upande wa Kigamboni, linaingia sokoni kwa ubavu. Kwenye ukingo wa meza za saruji kulikuwa na mzee anapara samaki. Chombo chake ni kipande cha ubao kilichogongelewa vizibo vya soda. Kila akivuta, magamba yanaruka, na lile jua la nyuma linayawasha kama cheche za fundi wa kuchomelea vyuma.

Nikasimama mbali. Mkono ukatafuta lenzi ya kuvuta, haikuwapo. Nikatembea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Hakuinua kichwa.

"Samahani mzee wangu, naomba ruhusa nikupige picha ukiwa kazini."

Ubao ukasimama. "Sema tena."

Nikasema tena, nikijua jibu ni lilelile la Kariakoo. Mzee akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye mabuti yangu ya mpira. "Wewe si yule wa redioni? Wa Alhamisi usiku?"

"Ndiye mimi, mzee."

"Nilijua wewe ni mnene." Akamgeukia jirani yake. "Huyu ndiye yule. Sauti nene vile, kumbe mwenyewe kijiti." Wakacheka meza nzima, nami nikacheka, na hapo kitu kikalegea kifuani. "Unaipeleka wapi hiyo picha?"

"Ni ya masomo, mzee. Na nakala moja nitakuletea wewe."

"Wote husema hivyo." Akamrudia samaki wake, changu mkubwa. "Haya, piga."

Nilipiga 19. Tundu f/4, shata sehemu ya 1,000 ya sekunde ili magamba yagande hewani, na nilisogea mpaka mawili yakanasa kwenye kioo cha lenzi. Katika hizo 19 moja ilikuwa na kila kitu: magamba juu kama nyota, mzee amefumba jicho moja kuyakwepa, jicho jingine liko kazini, mkono umekaza mishipa. Nimeikata kifuani. Mwalimu alipoiona hakusema kitu, akaisogeza mbali kidogo na nyingine zote pale mezani. Kwa mtu yule, hayo ni makofi. Siku ya kufunga kozi ilitundikwa ukutani, watu wakaja, wakasifu, na nisingekuwa mkweli nikisema sikuvimba kichwa.

Niliichapa kubwa, nikaitia kwenye bahasha ngumu, nikaipeleka Feri. Ilichukua wiki tatu tangu siku ile, na nadhani mzee alikwisha kunifuta. Alinawa mikono kwanza, akajifuta kwenye kanga iliyoning'inia, akaipokea kwa mikono miwili. Aliitazama muda mrefu. Akaigeuza nyuma, akaona hapana kitu, akaigeuza tena.

"Hii ni kazi," akasema mwishowe. "Mimi niko wapi?"

"Huyo hapo, mzee."

"Huyu ni mpara samaki." Hakuwa amekasirika. Alikuwa ananieleza kama mtu anavyomweleza mtoto njia. "Nikifa, wajukuu watatundika hii? Waseme babu alikuwa ananuka magamba? Halafu mwanangu, na miguu umeikata."

Nilikuwa na majibu. Nilikuwa na majibu ya wiki 8: mpangilio, mwanga wa nyuma, ukaribu. Yote yakanikwama, kwa sababu nilikumbuka picha ya baba yangu iliyoko ukutani kwa mama. Ya studio, nyeusi na nyeupe. Baba amesimama wima, suruali imenyooshwa, mkono mmoja juu ya stuli, na juu ya stuli pana redio ya betri. Viatu vinang'aa. Redio haikuwa yake, na mama anasema hata viatu vilikuwa vya kaka yake. Huko Bamako, Seydou Keïta, aliyefungua studio yake mwaka 1948, alikuwa na suti, saa na redio za kuwaazima wateja, na mandhari yake ya kwanza ilikuwa shuka la kitandani kwake mwenyewe. Filamu ilikuwa ghali, mara nyingi mteja alipata picha moja tu. Leo kazi za Keïta zinatundikwa katika majumba makubwa ya sanaa duniani. Zanzibar nako, tangu Ranchhod Oza alipofungua Capital Art Studio mwaka 1930, watu wamesimama mbele ya lenzi wakiwa wamevaa kilicho bora walichonacho. Walikuwa wanaamua wenyewe wakumbukwe vipi. Mpiga picha alikuwa wa kuwashikia taa.

Katika kozi yetu nzima, msamiati wetu ulikuwa "kukamata". Kukamata tukio, kukamata mtu kabla hajajua. Hata mwalimu, aliyekula mkate wa studio miaka mingi, hakutufundisha kusikiliza mteja anataka nini. Pengine aliona ni jambo la kawaida mno kwake, au alichoka na wateja wale wale. Sijamuuliza. Naipenda picha ya magamba, nitaendelea kuipenda, na nikiipata nyingine kama ile nitashukuru Mungu. Lakini nilikuwa nimejifunza kusogea mbele hatua mbili, nikadhani somo limekwisha.

"Mzee," nikasema, "Ijumaa baada ya swala una nafasi?"

Picha iliyoko mezani hapa ndiyo hiyo ya Ijumaa. Alikuja amevaa kanzu ya kung'aa, iliyopigwa pasi mpaka unaweza kujikata nayo, kofia ya kiua, saa mkononi, na makobazi mapya. Saa saba na nusu mchana, jua kali kupita kiasi. Nikamtafutia kivuli chini ya mwembe, nyuma ya ukuta wa nyumba moja ambayo wenyewe walituletea kiti bila kuombwa. Alikikataa. Alisema picha ya kukaa ni ya mgonjwa.

Kamera ikaiona ile kanzu ikashtuka, kama tulivyoambiwa, ikataka kumtia mzee gizani. Nikaibishia: nikapima uso, nikaongeza mwanga hatua moja, nguo zikajijua. Mzee akavuta pumzi, akaweka mikono ubavuni, uso ukakaza kama wa baba yangu. Watoto wakakusanyika. Nikatazama kwenye kamera: kofia imeingia, mikono imeingia, upindo wa kanzu umeingia. Nikarudi nyuma hatua mbili, kisigino kikagonga ukuta, nikachutama, nikapiga.

"Makobazi yametokea?" akauliza, bila kutikisa mdomo.

"Yametokea, mzee."